Kabati la Funguo Mbili

"Mimi nikifunga kitu, wazazi wangu, hata Malaika mtoa roho akikitaka itabidi anisainie kwanza!"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtunza stoo wa shule ya msingi, mbele ya wazazi mia mbili na ushee, kwenye mkutano wa kufunga mwaka, kipaza sauti kikiwa mkononi na tabasamu limemfika masikioni. Wazazi walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Mwalimu mkuu alisimama kumpigia makofi. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu ameshika stoo na hajapotelewa na kitu, na alitaka dunia nzima ijue.

Wanafunzi walimwita Bi Funguo. Alikuwa nazo thelathini na moja, zimefungwa kiunoni kwa utepe wa kitambaa, na kelele zake zilimtangulia kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akichora ukutani alipata nafasi ya kumaliza mchoro, kuufuta, kunawa mikono na kuanza kusali kabla mama wa watu hajakata kona. Mwalimu aliyetaka chaki alileta kwanza kipisi cha chaki ya jana. Balbu ikiungua, unaleta maiti yake ndipo upewe nyingine. Mwalimu wa sayansi aliwahi kuomba sumaku ya kipindi kimoja, akapewa fomu ya mistari tisa. Mstari wa tisa uliuliza sababu ya kuihitaji. Akaandika: "Kuvuta." Fomu ikarudishwa afafanue.

Lakini fahari ya maisha yake ilikuwa kabati la chuma lililosimama nyuma ya mlango wa stoo. Alilianzisha baada ya mpira mpya wa shule kukutwa nyumbani kwa mwalimu wa michezo, wanawe wakiupiga chenga uani. Bi Funguo aliurudisha mpira ndani ya saa mbili, huku mwalimu wa michezo akimfuata nyuma akieleza kwamba alikuwa akiujaribu upepo tu. Siku iliyofuata alimwita fundi wa kuchomelea, akamsimamia mpaka jioni. Kabati likawa na makufuli mawili. Ufunguo wa juu anao yeye, ufunguo wa chini anao mwalimu mkuu, na hakuna anayeruhusiwa kumwachia mwenzake. Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe, akaipiga muhuri wa shule, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo ni lazima uwe umeshalifungua ndipo uisome.

Sasa, Bi Funguo alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Mdogo mtu alikuwa muuguzi katika zahanati iliyo umbali wa dakika kumi kwa pikipiki. Na katika darasa la tano la shule ile kulikuwa na msichana mmoja, binti wa fundi baiskeli, mwenye alama nyeusi juu ya nyusi, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Mwili wa Kidoti ulikuwa hauelewani na karanga. Alipokuwa darasa la tatu alilamba kijiko kilichokorogea siagi ya karanga, akavimba uso mpaka baba yake akamtambua kwa viatu. Zahanati ilimuokoa. Baba mtu, ambaye kwa kawaida husema maneno sita kwa siku na manne kati ya hayo ni kwa baiskeli, alikuja shuleni na barua ya kurasa mbili akiomba walimu wafundishwe cha kufanya.

Basi muuguzi akaja. Aliwakusanya walimu kumi na mmoja ofisini, kila mmoja akamgawia chungwa na bomba la sindano lenye maji.

"Karanga?" aliuliza mwalimu wa michezo. "Karanga hizi hizi tunazotafuna?"

"Hizo hizo, kaka."

"Mtoto anadeka huyo. Sisi tumekulia karanga na tuko hapa."

"Na kweli mmekula, tumbo lako tunaliona. Mwenzako mwili wake ukikutana na karanga unadhani umevamiwa na jeshi. Unapigana ovyo mpaka unaziba njia yake mwenyewe ya hewa. Huko si kudeka, kaka yangu, huko ni kufa. Haya, shika chungwa."

Akawafundisha. Midomo ikivimba, vipele vikitoka mwili mzima, mtoto akitapika, sauti ikikauka, kifua kikipiga mluzi, msingoje kuitisha kikao. Sindano ni ya paja, upande wa nje, hata juu ya sketi. Mlazeni chini, miguu juu, asisimamishwe wala asitembezwe. Kisha simu, kisha zahanati, hata kama anaonekana amepona. Kila bomba lilikuwa na mstari wa rangi nyekundu ya kucha, aliouchora muuguzi mwenyewe: vuta dawa mpaka hapa, basi.

Bi Funguo alikuwa amesimama mlangoni, naye hakuja kujifunza. Alikuja kuhesabu machungwa. Kumi na moja yaliingia, kumi na moja yatoke. Mwalimu wa hesabu alilidunga la kwake vizuri, akalimenya, akalila.

"Mwalimu! Chungwa la zoezi hilo!"

"Limefariki, mama. Nilichelewa kulipiga sindano."

Watu walicheka. Hata muuguzi alicheka. Kabla ya kuondoka alimkabidhi dada yake sanduku dogo jeupe: vichupa viwili vya kioo, mabomba manne, na karatasi ya maelekezo.

"Dada, hili lisifungwe. Liwe mahali pa kivuli ambapo mtu yeyote analifikia mbio mbio."

"Nimekusikia, mdogo wangu."

Kumsikia alimsikia. Ila ndani ya kichwa cha Bi Funguo mlikuwa na mashine moja tu, na mashine hiyo ilikuwa na kazi moja. Kitu cha thamani? Kinafungwa. Kitu cha thamani sana? Kinafungwa mara mbili. Shule ina watoto mia sita, wote wana vidole, na hapa kuna sindano. Akakipiga kila kichupa namba, akalipiga sanduku muhuri, akaliingiza kwenye kabati la chuma karibu na mpira. Mwalimu mkuu akafunga kufuli la chini. Bi Funguo akafunga la juu. Wakapeana mikono, kama watu waliozindua daraja.

Wiki tano zikapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mapumziko ya saa nne. Rafiki yake Kidoti alimmegea biskuti ya tabaka mbili, na hakuna kati yao aliyejua katikati mna nini. Kidoti alitafuna nusu, akasema mdomo unamuwasha. Mwalimu wa zamu siku hiyo, yule yule wa michezo, alimwambia akanawe uso bombani. Kidoti akaenda kwa miguu yake mpaka bombani, akatapika. Aliporudi midomo ilikuwa mikubwa, shingo imejaa vipele, na alipotaka kusema "mwalimu" ilitoka sauti ya mlango mbovu.

Hapo mwalimu wa michezo akaacha kuwa mjuaji. Alimlaza Kidoti kwenye korido nje ya stoo, akapiga kelele. Mwalimu wa hesabu akapiga magoti, akaishika miguu ya mtoto juu. Bi Funguo alikuwa ameshafika kabatini. Kati ya funguo thelathini na moja aliushika ule mmoja bila hata kutazama. Kufuli la juu, kwa! Likafunguka. Mkono wake ukashuka kwenye kufuli la chini, ukabaki hapo.

"Mkuu yuko wapi?"

Karani wa ofisi alikuwa amesimama na simu sikioni. "Yuko kwenye mkutano ofisi ya elimu. Simu ameizima."

"Na ufunguo?"

"Anao mfukoni, mama. Si ulimwambia mwenyewe asiuache hata kwa mke wake?"

Bi Funguo alikimbia getini, akarudi na mtaimbo wa mlinzi. Alilipiga kufuli la chini. Likamtazama tu. Lilikuwa kufuli zuri, alilichagua mwenyewe baada ya kuzunguka maduka matano, na siku ile lilimlipa kwa uaminifu wote. Akaacha kufuli, akaingiza ncha ya mtaimbo nyuma ya ile pete ya chuma iliyoshika kufuli, aliyomwamuru fundi aichomelee mara mbili. Alining'inia juu ya mtaimbo na uzito wake wote, viatu vikimtoka, huku nyuma yake ikisikika pumzi ya Kidoti, nyembamba, kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha kwa mrija.

Pete iling'oka. Sanduku likatoka. Mwalimu wa hesabu alikivunja kichupa shingo, akavuta dawa mpaka kwenye mstari mwekundu, kisha akabaki ameshikilia bomba hewani.

"Siwezi, mama. Si chungwa hili."

"Lete." Bi Funguo alilichukua bomba, akalichoma pajani juu ya sketi, upande wa nje, kama alivyowaona wenzake wakifanya siku alipokuwa akihesabu machungwa.

Muuguzi, aliyepigiwa simu na karani, alifika na pikipiki akamkuta mtoto hajatulia sawasawa, akatumia kichupa cha pili. Taratibu ule mluzi ukapungua. Kidoti akafumbua macho, akalia, na korido nzima ikashukuru kusikia mtoto analia. Karani akamwonyesha muuguzi saa ya simu yake: tangu mdomo kuwasha hadi sindano ya kwanza, dakika kumi na moja.

Walipokuwa wakimpakia mtoto kwenye gari la mzazi mmoja, muuguzi aliinama sikioni mwa dada yake.

"Nilikwambia lisifungwe, Dada."

"Uliniambia."

Basi. Hawajawahi kulizungumza tena.

Mambo yangekuwa rahisi kama watu wangemlaumu. Badala yake walimsifu! Fundi baiskeli alikuja na mikono yake yenye grisi, akaushika wa Bi Funguo, akatumia maneno yote sita ya siku ile: "Mama, umenirudishia mwanangu mzima. Asante sana." Mtaani ikawa habari ya mwanamke aliyepasua kabati la chuma kwa mikono mitupu, kufikia Ijumaa mtaimbo ulikuwa umeshaondolewa kwenye hadithi. Mwalimu mkuu akaandaa cheti chenye maua pembeni, akamwita mbele ya gwaride la asubuhi.

Bi Funguo alikichukua cheti, akakikunja mara nne.

"Watoto, kabati nililovunja nililifunga mimi. Sasa sikilizeni. Kuanzia leo lile sanduku jeupe litakaa koridoni, kati ya kengele na ubao wa matangazo. Halina kufuli. Mwenzenu akivimba, aliye karibu ndiye anayelichukua na kukimbia nalo kwa mwalimu. Halafu atakayelichezea, nitamchezea mimi."

Mwalimu mkuu aliendelea kutabasamu mpaka watoto walipoingia madarasani. Alipofunga mlango wa ofisi, tabasamu lilibaki nje.

"Mama, umenivua nguo hadharani. Sindano koridoni? Watoto mia sita?"

"Watoto mia sita na mmoja wao alikuwa anakufa, Mkuu."

"Kuna utaratibu! Dawa inafungwa. Mkaguzi akija nimwambie nini?"

"Mwambie mtunza stoo wako amekuwa mkorofi uzeeni."

"Sheria ya funguo mbili uliiandika wewe. Nimeisoma kwa mwandiko wako!"

"Niliiandika, nimeifuta. Mwandiko ni ule ule."

Mchana ule sanduku lilitundikwa ukutani kwenye msumari, na vichupa vipya vitatu vya zahanati ndani. Jumatatu mwalimu mkuu akalitia kufuli dogo la njano. Saa moja baadaye kufuli la njano lilikutwa juu ya meza yake, limekatwa, limewekwa juu ya kitambaa safi kama zawadi. Jumanne akatia la bluu. Likarudi mezani kabla ya chai. Walimu walianza kushika upande. Mwalimu wa hesabu aliweka dau la soda kwamba la kijani halitafika Alhamisi, na akashinda, kwa sababu koleo la kukatia lilikuwa la kwake.

Ndipo ikaja barua: jieleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuharibu mali ya shule na kukaidi mamlaka. Nakala kwa ofisi ya elimu. Mumewe, dereva mstaafu anayeogopa barua yoyote yenye neno "nakala", aliisoma mara mbili akavua miwani.

"Mama watoto, omba radhi yaishe. Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Nitaomba."

"Kweli?"

"Kwa Kidoti nimeshaomba. Huyu wa kufuli angoje foleni."

Alijibu siku hiyo hiyo, kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu ya wino mweusi. Barua yake ilikuwa hivi:

"Mkuu, umetaka maelezo. Dakika ya kwanza mtoto alisema mdomo unawasha. Dakika ya tatu alitembezwa bombani, kosa la kwanza. Dakika ya tano nilifungua kufuli langu. Dakika ya sita nilikumbuka kufuli lako, ambalo ni langu pia. Kuanzia ya saba hadi ya kumi nilikuwa napigana na chuma. Dakika ya tisa niligeuka nikamwona ananitazama, mimi na funguo zangu. Alikuwa ameacha kulia kwa sababu hewa ya kulilia haikuwepo. Dakika ya kumi na moja nilimchoma. Naomba uniandikie ni dakika ipi kati ya hizo ungependa shule iitumie kutafuta ufunguo, nami nitalifunga sanduku leo leo. Wako mtiifu katika mengine yote, Mtunza Stoo."

Mwalimu mkuu hakutia kufuli la nne. Lakini nakala ilikuwa imeshafika ofisi ya elimu, na ofisi ya elimu haina mazoea ya kusahau kitu kilichokwisha kupewa namba ya jalada.

Mkaguzi alikuja baada ya miezi miwili, mtu mwembamba mwenye mkoba mnene. Kwa bahati mbaya alikuja wiki ambayo wasichana wawili wa darasa la sita, wakicheza muuguzi na mgonjwa, walikuwa wamelishusha sanduku na kuvunja kichupa kimoja. Walikuja wenyewe stoo kukiri, mmoja analia, mwenzake anamsukuma aendelee kulia vizuri zaidi. Bi Funguo aliwakemea hadi soksi zikashuka, kisha akawaketisha na kuwafundisha jinsi sanduku lile linavyotumika. Kesho yake asubuhi kichupa kingine kilikuwa mahali pake. Na kwenye daftari la stoo, kwa mwandiko wake, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, palisomeka: kimevunjika, kimoja.

Mkaguzi alilikuta hilo ndani ya dakika tano. Aliligeuza daftari kumwelekea mwalimu mkuu, kisha kumwelekea Bi Funguo, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Umeona matokeo ya kuacha wazi?"

"Nimeyaona. Nimeyaandika mwenyewe."

"Siku nyingine watachukua sindano. Mtoto atajidunga. Utasema nini?"

"Nitamkimbiza zahanati, mzazi wake aje anitukane, na nitastahili. Mtoto aliyejidunga mkono tutambeba hadi kwa muuguzi akiwa analia, Mkubwa. Yule mwingine nilimsikia akiacha kulia. Ninajua kelele ipi naweza kulala nayo."

"Mama, mimi sikuja kusikiliza usingizi wako." Mkaguzi alitoa fomu mkobani, akaipapasa ikalala sawa. "Nina nafasi mbili hapa. Nikiandika uzembe, unakabidhi stoo leo, na sanduku linafungwa. Nikiandika hasara ya kawaida ya matumizi, sanduku linabaki lilivyo, lakini na mimi nitaulizwa huko juu. Nipe sababu ya kujitia matatani kwa ajili ya kisanduku."

Mwalimu mkuu alikohoa. Karani aliacha kupiga chapa. Bi Funguo alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, uso kwa uso na mkaguzi.

"Mkubwa, andika unachotaka. Ukiandika uzembe nitakabidhi, halafu kesho asubuhi nitakuja kama mzazi, kama jirani, kama mpita njia, nitasimama koridoni na sanduku langu mkononi kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mkiniondoa kwa mlinzi nitakaa getini. Mlinzi ni mtu wangu, ndiye mwenye mtaimbo. Kufuli halirudi pale ukutani nikiwa hai, na nina afya njema."

Mkaguzi alikitazama kichupa kipya ambacho Bi Funguo alikuwa amekiweka mezani kama kielelezo, kidogo kuliko kidole chake cha mwisho. Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha taratibu. Kisha akafungua kalamu, akaandika kwenye fomu, na kwa sababu aliandika kwa herufi kubwa kila mtu aliona: HASARA YA KAWAIDA. Akashuka mstari mmoja.

"Thamani ya kilichopotea?"

"Bei ya soda mbili," alisema Bi Funguo. "Pamoja na bomba la sindano."